Mlango wa Nabwire

Nabwire hakuwahi kubisha hodi maishani mwake. Alikuwa akiingia tu. Ukimsikia anasema "Niko hapa," ujue ameshaketi, ameshafunua sufuria yako, na ameshaamua kwamba chumvi haitoshi. Seline, aliyepanga chumba kilichotazamana na chake katika ploti moja ya Obunga, mjini Kisumu, alichukua karibu mwaka mzima kuizoea tabia hiyo. Kwao Pap Onditi, kwa Wajaluo wa Nyakach, mgeni huita kutoka uani, hutolewa kiti, huulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, kisha ndipo huambiwa aingie, na asipoambiwa pia hanuni. Kwa Nabwire, Mbukusu wa upande wa Bungoma, kumwacha mtu nje ni kumtangazia kwamba humtaki.

Lakini binadamu huzoea. Miaka minane wakaishi hivyo, mmoja akiingia bila kuitwa na mwingine akijifunza kutoshtuka. Nabwire alishona sare za shule kwa cherehani yake mlangoni. Seline alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa kwa wenye pesa, akaiuza kando ya barabara kwa watu wanaojua utamu wa nyama iliyoshika mfupa. Moshi wa mafuta uliingia kwenye sare za watoto, Nabwire akafoka kwamba shule nzima itanuka samaki, Seline akamjibu kwamba angalau watashiba wakiwa darasani. Binti zao, Lorine wa Seline na Dolphine wa Nabwire, walikua wakila sahani moja. Kufikia mwaka wa tatu Seline naye aliingia kwa Nabwire bila kubisha, na alipojigundua siku ya kwanza alicheka peke yake.

Kisha Obiero, mumewe Seline, akafa. Alikuwa na presha ambayo hakuna aliyejua anayo, hata yeye. Aliondoka asubuhi kwenda kazini Kibos, saa nne simu ikapigwa.

Walipomsafirisha kwenda kumzika, Nabwire alifunika cherehani, akamvuta mumewe Masinde, wakapanda gari la maiti pamoja na wafiwa. Siku nne Nabwire alilala kwenye nyasi za boma la watu asiowajua. Alichota maji, alisugua masufuria ya kupikia umati wa watu, alimshika Seline kichwa wakati Seline hakujua kichwa chake kiko wapi. Wanawake wa boma waliulizana huyu ni wa ukoo gani. Wakaambiwa ni jirani wa mjini. Hata dada za marehemu hawakujituma hivyo. Wao walilia vizuri, kwa sauti, halafu wakauliza chai iko wapi. Hilo la Nabwire Seline hakulisahau, na ndilo lililokuja kumponza.

Kabla Seline hajarudi mjini, Okinyi, kaka mkubwa wa marehemu, alimwita kando.

"Shemeji, enda utafutie watoto, sisi hatukatai. Lakini we unajua. Mpaka tukutoe, usiingie nyumba ya mtu."

Seline alijua. Nani wa Nyakach asiyejua? Mjane huwa na kifo mwilini mpaka wakubwa waketi na kumtoa kwenye ujane wake. Zamani kulikuwa na mambo mengi katika kumtoa, mengine ya kumtia mwanamke aibu. Siku hizi kanisa lao limelainisha, ni wazee, mchungaji, sala na chakula, basi. Lakini mwiko wenyewe haujalainika, tena una ujanja wake. Haumpigi anayeuvunja. Mjane akiingia nyumba ya mtu kabla ya siku yake, chira, ule ugonjwa wa kukondesha usiosikia dawa, huwaangukia wenye nyumba, na watoto wachanga ndio wa kwanza.

Je, aliamini? Lorine, aliyekuwa chuoni Bondo, alimuuliza hivyo hivyo kwenye simu: "Mama, na wewe unaamini hiyo kitu kweli?" Seline akasema hajui. Wajane wengi wa Kisumu hawaujali mwiko huo, wanaingia wanakotaka na hakuna linalotokea. Kama yangekuwa maisha yake mwenyewe angeyachezea, maana aliona hayana thamani kubwa tena. Haya yalikuwa maisha ya watu wengine, na katika watu hao wa kwanza alikuwa Nabwire.

Basi akarudi Obunga, akawasha jiko, akawa anaishia mlangoni.

"Mama Lorine, kwani umepigiliwa misumari hapo?" Nabwire aliita siku ya kwanza.

"Niko sawa tu hapa, Mama Dolphine."

"Chai inapoa."

"Si uniletee tu huku nje."

Nabwire akaleta. Siku ya pili akaleta, lakini alikiweka kikombe chini kwa kishindo. Siku ya tatu hakuleta, na Seline akaona heri amweleze. Alimweleza yote, ya Okinyi, ya ujane, ya chira. Nabwire alisikiliza huku amebana pini mdomoni, na alipozitoa alikuwa anacheka.

"Kwetu mtu akizikwa, siku ya tatu watu wanakaa chini, wananyolewa, maneno ya marehemu inaongewa, inaisha. Hiyo yenu ni ya kutisha wanawake."

"Pengine."

"Si pengine. Mimi nililala kwa nyasi ya boma yenu siku nne. Baridi ikanishika mpaka leo mgongo inauma. Na wewe huwezi kanyaga sementi yangu?"

Seline aliitazama ile sementi. Angesema nini? Kwamba yeye anampenda kwa kutomkaribia? Kiswahili walichokuwa nacho wawili hao kilikuwa cha sokoni na cha mlangoni. Kilitosha kununua, kutaniana na hata kuliliana, lakini hakikufika huko. Akageuka, akarudi kwenye mafuta yake.

Siku ya kumtoa ilisogezwa mara tatu. Mara mvua imezidi, mara mahindi hayajavunwa, mara binamu fulani yuko Mombasa na bila yeye haifai. Okinyi alisema mambo haya kwa sauti ya mtu asiyekuwa na haraka, na kwa nini awe nayo? Yeye alikuwa anaingia nyumba yoyote aliyotaka. Mwezi wa tano ukapita. Seline alikula amesimama, au ameketi kwenye ndoo yake barabarani. Hakuna aliyemshika mkono. Wajaluo wenzake wa ploti walimsalimu kwa heshima na kwa umbali. Wasio Wajaluo walidhani ana maringo ya majonzi.

Mwezi wa nane Dolphine akaja kujifungulia kwa mamake, kwa kuwa mumewe alikuwa dereva wa malori na nyumba yao ya Eldoret haikuwa na mtu. Akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Brandon. Jumamosi iliyofuata wanawake wa kikundi cha Nabwire wakaja kumwona mtoto, wakiongozwa na binamu yake Nasipwondi, mwanamke mwenye sauti ya kuuza mnadani. Kila mmoja alikuja na chake: unga wa wimbi, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Waliingia wote bila hodi, chumba kikajaa, mtoto akawa anapita mkono kwa mkono akibusiwa na kutabiriwa kuwa mbunge.

Seline alikaanga vipande vizuri vya samaki, si mifupa, akavifunga, akaongeza unga wa uji. Alivuka uani na kuviweka kizingitini.

"Huyo ni nani anaweka vitu chini kama ametupa?" Nasipwondi aliuliza, na hakupunguza sauti.

"Jirani. Haingiangi," mwingine akajibu.

"Haingiangi? Mtoto amezaliwa na haingii? Ana nini na mtoto?"

Wanawake wote wakageuka kutazama mlangoni. Kwao jambo hilo lina maana moja tu: asiyetaka kumwona mtoto ana kijicho naye. Nabwire akatoka mpaka mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibishwa mbele ya watu wa kwao.

"Mama Lorine, leo niambie mbele ya hawa. Mimi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea. Nilikuambia ni nini."

"Uliniambia hadithi. Mimi nataka mtu. Leo ukigeuka hapo bila kuingia ushike huyu mtoto, usinijue tena. Tusalimiane kama watu wa barabara."

Seline alibaki amesimama. Maneno hayo hayakuwa mzaha, alimjua Nabwire. Aliwaza juu ya Okinyi na mahindi yake. Aliwaza kwamba Obiero amelala kaburini tangu Machi wala hana haraka ya kumdhuru mtu yeyote, alikuwa mpole akiwa hai. Aliwaza juu ya zile siku nne za nyasi, deni la utu ambalo mtu halilipi kwa samaki kizingitini. Zaidi ya yote alikuwa amechoka. Alitaka kuketi kwenye kiti ndani ya nyumba, katikati ya wanawake, aambiwe kwamba chai yake imejaa sukari. Akavua ndala, akaingia.

Wakapiga vigelegele. Mtoto akawekwa mikononi mwake, mzito kama kuku aliyenona, ananuka maziwa. Seline akalia, na wanawake wale ambao dakika moja nyuma walimwona mchawi wakalia naye, maana walikuwa watu wa moyo mwepesi. Alikula ugali wa wimbi na kuku mpaka akalegeza mshipi. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Siku zote tisa zilizofuata aliingia, asubuhi na jioni, akamwogesha mtoto, akamkanda tumbo, akawa tena mtu kati ya watu. Kama furaha ina kosa, basi hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Siku ya kumi Brandon akaanza kupumua kwa kasi, mbavu zikiingia ndani. Walimkimbiza hospitali. Daktari akasema nimonia, msimu wake, kuna wengine sita wodini wenye shida hiyo hiyo, akamwekea oksijeni.

Jioni hiyo Nabwire aliporudi kuchukua nguo, Akinyi wa chumba cha pembeni, muuza mboga, alimsubiri uani. Akinyi alikuwa Mjaluo wa Seme. Alimwona Seline akiingia Jumamosi ile, akaendelea kuchambua sukuma wiki. Kuna watu ambao wema wao ni kukueleza moto unaanzaje baada ya nyumba kuungua.

"Pole sana, Mama Dolphine. Lakini kwani hukujua? Mjane kama hajatolewa hashikangi mtoto mchanga. Sisi wote tulishangaa."

Nabwire, aliyekuwa amecheka siku ile na pini mkononi, safari hii hakucheka.

Seline hakujua hayo. Kesho yake alipika uji, akaujaza kwenye thamosi, akaenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Nabwire alikuwa kwenye korido nje ya wodi. Alipomwona alinyoosha mkono, kiganja wazi, kama anayesimamisha gari.

"Rudi."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Rudi na uji yako."

"Mama Dolphine, daktari amesema ni kifua. Nimeuliza nesi, wamelazwa wengi."

"Daktari anajua ya daktari. Hajui ya kwenu."

Hapo Seline akaelewa, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Ya kwetu? Si wewe ulisema ni ya kutisha wanawake? Si wewe ulinilazimisha mbele ya watu?"

"Nililazimisha, ndiyo. Mimi sikujua. Mimi ni Mbukusu, ningejulia wapi?"

"Nilikuambia!"

"Uliniambia." Nabwire hakuwa anapiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Lakini kama ni kitu ya kweli, ungekataa. Ungeacha nikutukane. Ungeacha nisikujue mpaka tufe. Mtu anayenipenda angekataa. Wewe ulijua, Seline. Ulijua na ukaingia."

Miaka minane hakuwahi kumwita kwa jina lake. Watu waliokuwa wanapita na mashuka waliwatazama. Neno alilopigwa nalo Seline lilikuwa na ukweli ndani yake. Angeweza kukataa. Alichagua chai.

Alirudi Obunga kwa miguu, thamosi kwapani. Usiku ule na uliofuata hakuomba kwa ajili ya mtoto kwanza. Aliomba isiwe yeye. Ndipo alipojua jibu la swali la Lorine, kwamba anaamini, na aliona uchungu kwamba ameamini sasa, wakati imani haina kazi tena ya kumzuia.

Mtoto hakufa. Siku ya sita alitolewa oksijeni, ya nane akarudishwa nyumbani. Habari hiyo Seline aliipata kwa Masinde, ambaye alikuja mpaka kwenye jiko lake akasimama anatazama viatu vyake mwenyewe.

"Amepona, Mama Lorine. Ananyonya vizuri."

"Mungu asifiwe."

"Huyu mama atatulia tu. Umpe siku."

Seline akampa siku. Katika siku hizo aliona cherehani ikihamishwa kutoka mlangoni na kuingizwa ndani. Aliona kikundi cha Nasipwondi kikija kuombea nyumba. Na baada ya maombi wakamwaga maji ya chumvi na sabuni sakafuni, wakayasukuma kwa fagio kutoka pembe ya ndani mpaka nje ya mlango. Maji yakateremka mtaroni mbele ya jiko lake. Aliendelea kugeuza samaki wake. Ama kweli shukrani ya punda ni mateke, alijisemea, lakini hata alivyojisemea hakuwa na uhakika punda ni nani kati yao.

Wiki mbili baadaye alimpigia Okinyi simu.

"Shemeji, kama si Jumamosi hii, nitajitoa mwenyewe. Nitaingia kila nyumba ya Pap Onditi, nianze na yako."

Ajabu ni kwamba mahindi yakavunika, na binamu wa Mombasa hakuhitajika tena. Jumamosi wazee wakaketi, mchungaji akasoma na kuomba, wakala, wakanywa. Ilichukua muda wa saa tatu tu. Seline aliyahesabu kichwani yale masaa matatu, akayalinganisha na miezi sita, akakaribia kumtemea mtu mate. Shangazi mmoja mzee, Aoko, alimshika mikono yote miwili, mikono yenye joto, akamwambia: "Imeisha, nyathina, mwanangu. Sasa ingia popote. Ukifika Kisumu, anza na nyumba ya mtu unayempenda."

Jumatatu asubuhi Seline alivaa nguo safi isiyonuka mafuta. Alibeba kuku kutoka Nyakach, jogoo mwekundu mwenye kiburi. Alivuka uani na watu wa ploti wakiona, Akinyi akiwa wa kwanza kuona, akagonga mlango wa Nabwire.

Nabwire akatoka. Brandon alikuwa amefungwa mgongoni, mashavu yamejaa, anaishangaa dunia. Nabwire akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukashika.

"Mama Lorine. Habari ya nyumbani?"

"Nzuri. Yameisha, Mama Dolphine. Walinitoa juzi. Wazee walikuwa, mchungaji alikuwa. Sina kitu tena."

Uso wa Nabwire ukalainika, na haukuwa uongo. Hata alisogeza mkono kama atakayemgusa begani.

"Nimefurahi, dada. Kweli nimefurahi. Umeteseka sana."

"Kwa hivyo sasa naweza kuingia."

Nabwire akaurudisha mkono wake. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na nyuma ya machozi yale kulikuwa na hofu safi kabisa, hofu ya Pap Onditi, ambayo alikuwa ameichukua nzima nzima bila kuchukua dawa yake.

"Hiyo ya kutolewa ni yenu," alisema polepole. "Wazee wenu walitoa, sawa, kwenu imeisha. Lakini ilikuja ikaingia huku kwangu, na sisi hatuna hiyo ya kutoa. Hatujui inatokanga na nini."

"Sasa kwako itaisha lini?"

"Sijui," Nabwire akasema, na alikuwa anasema kweli. "Huko kwetu hakuna hata mtu wa kuuliza."